Ushindi wa Ramadhani, Mtihani wa Shawwal

(Somo la Sira na Tarbia kwa wanafunzi wa madarasa ya juu na wazazi)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake na kila anayefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



UTANGULIZI

Katika Suratu Ibrahim, aya ya 5, Allah (S.W.) anamuamrisha Nabii Musa (A.S.) awakumbushe watu wake siku za Allah. Wafasiri wanaeleza kuwa hizo ni siku ambazo Allah aliwaneemesha waja wake, na siku ambazo aliwatia katika mitihani. Aya hiyo inatufahamisha kwamba wanaofaidika na kumbukumbu hizo ni wenye kusubiri na wenye kushukuru. Basi tunapoikumbuka tarehe katika historia ya Uislamu tusiishie kujisifu kwamba babu zetu katika dini walishinda. Tuitazame siku ile, kisha tuitazame siku yetu ya leo.

Sisi walimu wenu huwafundisha tarehe hizi moja moja. Wiki hii Badr, wiki ijayo Uhud, na baada ya mwezi tunafika Khandaq. Mwanafunzi huandika mwaka, idadi ya majeshi na majina ya mashahidi, akafanya mtihani akapata alama zake. Hilo ni jema. Lakini tukizipanga tarehe hizi kwa miezi badala ya miaka, tunaona jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona.

Ushindi mkubwa mara mbili ulikuja katika mwezi wa Ramadhani: Badr mwaka wa 2 Hijria, na kufunguliwa kwa Makka mwaka wa 8. Na mitihani mitatu mizito ilikuja katika mwezi unaofuata, Shawwal: Uhud mwaka wa 3, Khandaq mwaka wa 5 kwa mujibu wa mwanahistoria Ibn Is-haq, na Hunayn mwaka wa 8.

Hapo ndipo penye somo letu la mwaka huu. Nafsi ya Muislamu hupata nguvu katika Ramadhani, na kipimo cha nguvu zile huletwa katika Shawwal.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili mwanafunzi aweze:
(a) kueleza maana ya kuidhibiti nafsi;
(b) kutaja matukio matano ya Ramadhani na Shawwal pamoja na miaka yake;
(c) kutoa funzo moja la nafsi katika kila tukio;
(d) kujiwekea hesabu yake ya kila siku.

1. NINI MAANA YA KUIDHIBITI NAFSI

Neno kudhibiti asili yake ni Kiarabu, dhabt, maana yake ni kukishika kitu barabara kisiponyoke. Mtu anayeidhibiti nafsi yake ni kama mpanda farasi aliyeshika hatamu. Farasi ana nguvu, na nguvu hizo anazihitaji, lakini yeye ndiye anayeamua wapi pa kwenda na wapi pa kusimama.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye nguvu wa kweli ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika, wala nguvu hazipimwi kwa kuwabwaga watu katika mieleka. Ukitazama sira yake utaona kuwa kuimiliki nafsi kuna sura nyingi. Katika somo hili tutazitazama tatu:

Ya kwanza ni kubaki katika amri hata pale unapodhani haja yake imekwisha.
Ya pili ni kujizuia na jambo unaloliweza na unalolitamani.
Ya tatu ni kusimama bila kuutegemea wingi wa watu.

Kila moja katika hizi tatu imefundishwa katika Shawwal yake.

2. RAMADHANI MWAKA WA 2: BADR

Funga ya Ramadhani ilifaradhishwa katika mwezi wa Shaabani, mwaka wa 2 Hijria. Kwa hiyo Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa ya kwanza kufungwa na Waislamu kwa faradhi. Na ndani ya Ramadhani hiyo hiyo ya kwanza, siku ya Ijumaa tarehe 17, sawa na mwezi wa Machi mwaka 624, vilipiganwa vita vya Badr. Waislamu walikuwa 313 hivi. Makureshi walikuwa karibu 1,000. Allah akawapa Waislamu ushindi: Makureshi 70 waliuawa na 70 wakatekwa, na kwa upande wa Waislamu walikufa mashahidi 14. Qur-ani imeiita siku hiyo Siku ya Upambanuzi, katika Suratul Anfal aya ya 41.

Lakini tazama mwanzo wa sura hiyo hiyo. Haianzi kwa kuwapongeza washindi. Inaanza na suala lililozuka baada ya vita, la nani apewe nini katika ngawira. Watu waliosimama imara mbele ya jeshi lililowazidi mara tatu walihitilafiana juu ya mali adui alipokwishakimbia. Allah akawarejesha haraka: ngawira ni ya Allah na Mtume, nao wamche Allah na wasuluhishe mambo baina yao. Wakatii, na jambo likaisha.

Wanafunzi wetu, shikeni dokezo hili. Panga za Makureshi hazikuwatikisa watu wa Badr. Jambo dogo lililowatikisa lilikuja baada ya ushindi, pale mtu alipopumua na kusema moyoni, "Sasa yamekwisha."

3. SHAWWAL MWAKA WA 3: KILIMA CHA UHUD

Mwaka uliofuata Waislamu walifunga Ramadhani yao ya pili. Siku chache baada ya kumalizika, katika Shawwal ya mwaka wa 3, sawa na mwaka 625, Makureshi walifika Uhud, kaskazini ya Madina, wakiwa na watu wapatao 3,000 kuja kulipiza kisasi cha Badr. Waislamu walitoka 1,000. Njiani Abdullah bin Ubayy akarudi na watu 300, wakabaki 700.

Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (R.A.), walinde mgongo wa jeshi. Amri yake ilikuwa wazi kabisa: wasiondoke pale mpaka awatumie mjumbe, hata wakiona wenzao wanashinda, na hata wakiona ndege wanawanyakua.

Vita vilianza na Waislamu wakapata ushindi. Makureshi wakakimbia. Wapiga mishale wakaona kutoka juu jinsi wenzao wanavyokusanya ngawira. Wengi wao wakasema kazi imekwisha, wanabakia kwa lipi? Abdullah bin Jubayr akawakumbusha amri ya Mtume. Wachache, kiasi cha watu kumi, wakabaki naye. Waliobaki wakateremka.

Khalid bin al-Walid, ambaye wakati huo hajasilimu, aliuona mwanya ule. Akazunguka na wapanda farasi wake, wakawaua wale wachache waliokuwa juu ya kilima, kisha wakalishambulia jeshi la Waislamu kwa nyuma. Siku hiyo walikufa mashahidi wapatao 70, miongoni mwao Sayyidna Hamza (R.A.), ami yake Mtume. Mtume mwenyewe (S.A.W.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Tuwe na adabu hapa. Wale ni masahaba, na Allah (S.W.) mwenyewe ametangaza katika Suratu Aal Imran, aya ya 152 na ya 155, kwamba amewasamehe. Hatuna haki ya kuwalaumu. Tuna haki ya kujifunza, na ndiyo maana kisa chao kimewekwa katika Kitabu kinachosomwa mpaka Kiyama.

Tujiulize: wapiga mishale walikosea wakati gani? Hawakukosea katika joto la vita, wala hawakumkimbia adui. Walishika amri muda wote ilipokuwa ngumu. Waliiacha ilipoonekana kuwa nyepesi, na sababu yao iliingia akilini: adui amekimbia, haja ya ulinzi imekwisha. Nafsi mara nyingi haiji na neno baya la wazi. Huja na hoja nzuri, tena wakati mtu amechoka na anadhani ameshafika.

Siku ya pili

Kuna sehemu ya Uhud ambayo wanafunzi wengi huisahau wanapojibu mtihani. Asubuhi ya pili yake Mtume (S.A.W.) aliamuru watu watoke kuwafuata Makureshi, na akasema asitoke ila aliyekuwepo Uhud jana. Watu wenye majeraha mabichi, waliozika ndugu zao jioni iliyopita, wakainuka. Walikwenda mpaka Hamraul Asad, mahali palipo kiasi cha maili nane kutoka Madina, wakapiga kambi huko, na Makureshi hawakuthubutu kurudi. Allah amewasifu kwa kuitikia kwao katika aya ya 172 ya sura hiyo hiyo.

Wahenga wetu walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyeteleza jana ana wajibu wa kuinuka asubuhi. Mtu akiacha uradi wake siku moja kisha akasema, "Basi tena, nimeshaharibu," huyo ameteremka kilimani mara mbili.

4. SHAWWAL MWAKA WA 5: MSHALE USIOTUPWA

Miaka miwili baadaye, katika mwaka 627, makabila yaliungana kuishambulia Madina. Walifika wapatao 10,000, na Waislamu walikuwa 3,000. Kwa shauri la Salman al-Farsi (R.A.) lilichimbwa handaki upande wa mji uliokuwa wazi. Kila watu kumi walipewa dhiraa 40 za kuchimba. Kulikuwa na baridi na njaa, hata watu wakafunga mawe matumboni. Mtume (S.A.W.) alichimba na kubeba udongo pamoja nao mpaka vumbi likamfunika tumbo lake.

Kazi ya handaki haikuwa na ngawira wala sifa. Ni udongo tu, kutoka asubuhi mpaka jioni. Wanafiki walikuwa wakijipenyeza kimya kimya na kurudi majumbani bila ruhusa, na wengine wakitoa udhuru kwamba nyumba zao ziko wazi, hali ya kuwa haziko wazi. Waumini, mtu alipopata dharura, alimwendea Mtume akaomba ruhusa, akamaliza haja yake akarudi. Suratun Nur, aya ya 62 na ya 63, inazungumza juu ya makundi haya mawili. Mwanafunzi anayetoka darasani kwa ruhusa na yule anayeruka dirisha wote wanakwenda nje, lakini hawako sawa.

Mazingiwa yaliendelea kwa zaidi ya siku 20. Kisha ukaja usiku wa upepo mkali na baridi kali. Mtume (S.A.W.) aliuliza nani atakwenda kumletea habari za maadui. Watu walikuwa wamechoka na kuganda kwa baridi, wakanyamaza. Akauliza mara tatu, kisha akamwita Hudhayfa bin al-Yaman (R.A.) kwa jina lake. Akamuagiza alete habari tu na asiwachokoze watu wale.

Hudhayfa akaingia katika kambi ya adui. Imam Muslim amepokea kwamba alimwona Abu Sufyan, kiongozi wa jeshi lile, akijiotesha mgongo kwenye moto. Hudhayfa akaweka mshale katika upinde. Alikuwa karibu, na yeye mwenyewe anasimulia kuwa lau angetupa angempata. Kisha akakumbuka agizo la Mtume. Akaurudisha mshale wake, akaenda zake, akatoa habari aliyotumwa. Mtume (S.A.W.) akamfunika kwa joho lake, akalala mpaka asubuhi. Upepo ule ukayatawanya makabila, nayo yakaondoka.

Sasa linganisheni. Uhud walikuwepo wapiga mishale waliopewa amri ya kubaki. Khandaq alikuwepo mtu mmoja mwenye upinde aliyepewa amri ya kujizuia. Alikuwa peke yake gizani, hakuna kiongozi wala rafiki wa kumkumbusha, na lengo liko mbele ya macho yake. Angeweza kusema kwamba akimuua kiongozi vita vitakwisha leo leo. Hoja hiyo ilikuwa nzuri kuliko ile ya kilimani. Hata hivyo alishika agizo.

Na tazameni hekima ya Allah. Miaka mitatu baadaye, Makka ilipofunguliwa, Abu Sufyan yule yule alisilimu. Hudhayfa gizani hakuyajua hayo wala hakuhitaji kuyajua. Aliijua amri, na hiyo ilimtosha.

5. MWAKA WA 8: RAMADHANI YA MAKKA NA SHAWWAL YA HUNAYN

Katika Ramadhani ya mwaka wa 8, sawa na mwanzo wa mwaka 630, Mtume (S.A.W.) aliingia Makka na watu 10,000. Aliingia katika mji uliomtoa akiwa ameinamisha kichwa kwa kumnyenyekea Mola wake, na akawasamehe watu waliomtesa yeye na wafuasi wake kwa miaka mingi. Hakuna mfano mkubwa kuliko huo wa mtu anayeweza kulipiza kisasi naye akajizuia.

Haukupita mwezi. Katika Shawwal ya mwaka ule ule zilifika habari kwamba makabila ya Hawazin na Thaqif yamejikusanya chini ya Malik bin Awf. Waislamu walitoka 12,000, yaani wale 10,000 pamoja na 2,000 kutoka Makka. Jeshi kubwa kiasi hicho hawajapata kuwa nalo. Baadhi yao wakasema leo hatutashindwa kwa uchache.

Walipoteremka katika bonde la Hunayn wakati wa alfajiri, adui alikuwa amejificha kila upande. Mishale ikawamiminikia, na jeshi lile kubwa likatawanyika. Mtume (S.A.W.) alibaki imara na watu wachache. Akamuamuru ami yake al-Abbas (R.A.), aliyekuwa na sauti kubwa, awaite watu waliofunga ahadi chini ya mti kule Hudaybiya. Waliposikia wakarudi mbio, na vita vikageuka kuwa ushindi. Suratut Tawba, aya ya 25, inawakumbusha Waislamu jinsi wingi wao ulivyowapendeza siku ya Hunayn, na jinsi ambavyo haukuwafaa kitu.

Badr walikuwa 313 wakashinda. Hunayn walikuwa 12,000 wakatawanyika, mpaka walipoitwa kwa ahadi yao ndipo wakarudi. Hesabu hii haimo katika vitabu vya hesabati, lakini kila mwanafunzi wa madrasa anapaswa kuijua.

6. SHAWWAL YETU SISI

Wapendwa, tumezungumza habari za vilima na mahandaki. Sasa tuje kwenye mtaa wetu.

Katika Ramadhani safu za msikitini hufika barazani, na wanaochelewa huswali juani. Watoto huamka daku bila kuitwa mara mbili. Ulimi huzuiwa, kwa sababu kila mtu anasema, "Nimefunga." Mwanafunzi aliyekuwa akisoma ukurasa mmoja kwa siku husoma juzuu nzima. Hiyo ndiyo Badr yetu, na tunamshukuru Allah kwayo.

Kisha huandama mwezi. Idd mosi ni ya furaha, na furaha hiyo ni haki yetu. Dini yetu imeharamisha kufunga siku hiyo. Lakini wiki ya pili ya Shawwal safu ya Alfajiri imerudi kuwa moja. Msahafu umerudi juu ya kabati. Sisi walimu tunaliona jambo hili kila mwaka katika daftari la mahudhurio: majina yaliyokuwa na alama ya kuwepo siku zote za Ramadhani huanza kuwa na nafasi tupu. Ukimuuliza kijana atakwambia, "Ustadh, si Ramadhani imekwisha?" Hilo ndilo neno lililosemwa kilimani: kazi imekwisha.

Hasara yake ni ya kweli. Mtume (S.A.W.) aliifananisha Qur-ani kifuani mwa mtu na ngamia waliofungwa kamba. Mwenyewe akiwaangalia hubaki, na akiwaacha huenda zao. Mtoto aliyehifadhi sura mpya kumi katika Ramadhani na asizirudie mpaka Muharram, atazitafuta asizione. Katika Suratun Nahl, aya ya 92, Allah anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Siku 30 za kusokota zinaweza kufumuliwa kwa juma moja.

Wengine husema, "Mimi nikiwa na wenzangu naweza, peke yangu siwezi." Huo ni mtihani wa Hunayn. Wingi wa Ramadhani ni neema, lakini tusiufanye nguzo. Aliyezoea kuswali kwa sababu wote wanaswali, ajifunze kuswali wote wanapolala.

Na wengine mtihani wao ni wa Hudhayfa. Kijana yuko chumbani peke yake usiku, simu iko mkononi, na kila kitu kiko mbele ya macho yake. Hakuna mzazi wala mwalimu. Hapo ajue kuwa mshale uko katika upinde. Akikumbuka agizo akaurudisha, Mola wake anamwona.

7. HESABU YA KILA SIKU

Tiba ya maradhi haya ni ndogo na ya kudumu. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, japo iwe kidogo. Na Mtume alimuusia Abdullah bin Amr bin al-As (R.A.) asiwe kama mtu fulani aliyekuwa akisimama usiku kuswali kisha akaacha. Waswahili nao wamesema, haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza, anzeni na funga ya sita. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) kwamba anayefunga Ramadhani akaifuatisha na siku sita za Shawwal ni kama aliyefunga mwaka mzima. Wanavyuoni wanaeleza kuwa jema moja hulipwa kwa kumi: siku 30 na sita ni 36, mara kumi ni 360. Kwa hakika funga hii ni mlinzi aliyewekwa kilimani baada ya ushindi. Mwenye deni la Ramadhani amuulize mwalimu wake namna ya kulipanga.

Pili, chagueni jambo moja tu katika yale mliyoyafanya Ramadhani, mlishike mwaka mzima. Kurasa mbili za Qur-ani baada ya Alfajiri zinatosha. Rakaa mbili kabla ya kulala zinatosha. Msichague matano mkayaacha yote.

Tatu, jihesabuni. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akiwausia watu wajihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa. Kila usiku kabla ya kulala, mwanafunzi achukue daftari dogo ajiulize maswali matano:

1. Sala zangu tano leo nimeziswali kwa wakati wake?
2. Ni amri gani niliiacha leo kwa sababu niliona haja yake imekwisha?
3. Ni jambo gani nililiweza na nikalitamani, nikajizuia kwa ajili ya Allah?
4. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa mtu yule yule ninayeonekana mbele za watu?
5. Nikiwa nimeteleza leo, kesho asubuhi nitaanza na lipi?

Daftari hilo ni siri baina ya mwanafunzi na Mola wake. Mwalimu halikagui. Lengo lake ni kumzoesha mtoto kujiona, siyo kujionyesha.

Neno kwa wazazi

Wazazi wetu, mtoto hawezi kukaa kilimani ikiwa nyumba nzima imeteremka. Baba aliyekuwa akimwamsha mwanawe kwa daku anaweza kumwamsha kwa Alfajiri. Mama aliyekuwa akikaa na watoto kusikiliza Qur-ani baada ya futari anaweza kukaa nao robo saa baada ya Magharibi. Nasi tunaomba msiwazuilie watoto kurudi madrasa mpaka likizo ya Idd ipite na wiki mbili juu yake. Na mtoto akiteleza msimvunje. Allah alimuelekeza Mtume wake, katika Suratu Aal Imran aya ya 159, awasamehe watu wa Uhud, awaombee maghufira na aendelee kuwashauri. Ikiwa waliosababisha msiba ule walisamehewa na kuinuliwa, mtoto aliyekosa Alfajiri mbili ana haki ya kuitwa kwa upole.

HITIMISHO

Mwezi wa Shawwal hutujia kila mwaka siku 11 hivi kabla ya mahali ulipokuwa mwaka uliopita. Mara hutukuta katika masika, mara katika kipupwe, mara katika joto la kaskazi. Utakapokuja, kumbukeni kilima cha Uhud, mkumbuke usiku wa Hudhayfa, mkumbuke bonde la Hunayn. Kisha kila mmoja aangalie amesimama wapi.

Tunamuomba Allah (S.W.) azikubali funga zetu na visomo vyetu, azithibitishe nyoyo zetu baada ya kuziongoa, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa katika wale wanaobaki pale walipowekwa mpaka Mjumbe wa Mola wao awafikie. Amin.

Wabillahi Tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja matukio mawili ya Ramadhani na matatu ya Shawwal yaliyomo katika somo hili, pamoja na miaka yake ya Hijria.
2. Wapiga mishale wa Uhud walipewa amri gani, na hoja gani iliwafanya wengi wao wateremke?
3. Eleza tofauti kati ya mtihani wa wapiga mishale wa Uhud na mtihani wa Hudhayfa (R.A.) katika Khandaq.
4. Kwa nini Waislamu 12,000 walitawanyika Hunayn? Taja sura na aya inayolizungumzia jambo hilo.
5. Chagua amali moja utakayoishika baada ya Ramadhani. Iandike katika daftari lako pamoja na wakati utakaoifanya kila siku.